Matuta manne ya Jozani

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, cha katikati, magoti yamebanwa na gia. Tulikuwa tumeshavuka tuta la mwisho la msitu wa Jozani, Unguja, na dereva ameshaanza kukanyaga mafuta kufidia muda. Kima watatu walikatiza mbele yetu, mmoja nyuma ya mwenziwe. Wa nne akasita ukingoni mwa lami. Alikuwa mdogo bado, mgongo mwekundu kama tofali la kuchoma, na zile nywele nyeupe za kipaji zimesimama huku na huku kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Nilimwona akiwaangalia wenzake waliokwishafika upande wa pili. Kisha akaamua kuwafuata.

Mshindo haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gari imepanda dafu. Dereva akasema, "Lahaula! Kima," na naamini alisikitika kweli, lakini mguu wake haukutoka kwenye mafuta. Nyuma utingo alikuwa akikusanya nauli. Bibi mmoja aliyepakata kikapu cha ukili akasema, "Masikini wa Mungu." Tulipofika Kitogani, pale njia inapogawika, moja ya Makunduchi na moja ya Paje, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye harusi ya mtu.

Na mie sikusema kitu. Sikumwambia dereva asimame, wala sikuomba kushuka. Jioni niliporudi na gari nyengine nilitazama upande ule wa njia, sikuona hata doa. Pengine kuna aliyemvuta akamtupa msituni, pengine ni mbwa, pengine kunguru.

Miaka imepita. Nimeshasahau mengi ya safari ile, hata nilichokuwa nakwenda kukifanya. Kima yule amebaki. Na kilichonikaa zaidi si kifo chenyewe, ni kwamba alikufa na hakuna palipoandikwa. Kama kuna mtu angeuliza kesho yake kima wangapi wamegongwa Jozani wiki ile, kwa kadiri ninavyojua angejibiwa kwamba hakuna.

Kwa asiyewahi kufika Unguja, nieleze kidogo. Kima niliyemsimulia ni kima punju, si yule kima wa kijivu anayeonekana mashamba mengi ya pwani. Wataalamu humwita Piliocolobus kirkii, kwa jina la John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar karne ya 19. Duniani kote anapatikana Unguja na visiwa vidogo vya pembeni yake kama Uzi, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Punju ni sumu. Wazee walimpa jina hilo kwa harufu yake kali, na walikuwa wakisema mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Sina hakika kama imani ile ilikuwa na ukweli wowote, lakini nina hakika iliwapa kima amani kwa miaka mingi, maana mtu hawindi anachokiogopa.

Hesabu kubwa ya kisiwa kizima, ambayo matokeo yake yalitangazwa 2017, ilipata kima punju zaidi ya 5,800. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu kabla ya hapo walidhaniwa kuwa wachache zaidi. Lakini ichukue namba hiyo uipeleke uwanja wa Amaan. Kima punju wote waliobaki ulimwenguni wangekaa pale, na viti vingi vingebaki vitupu.

Jike huzaa mtoto mmoja, akamnyonyesha na kumbeba muda mrefu kabla ya kushika mimba nyengine. Haya si mambo ya panya au kuku. Jike mmoja mzima akilala kwenye lami, kundi haliwezi kulijaza pengo lake kwa msimu mmoja.

Barabara inayotoka Mjini kwenda kusini inaikata Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambayo ilitangazwa 2004 na ndiyo hifadhi ya taifa pekee tuliyonayo Zanzibar. Msitu uko upande mmoja, mashamba na vichaka viko upande wa pili, na kima hawajui kwamba pale katikati pana jambo la kutisha. Kundi linaweza kuwa na majani machanga ya asubuhi upande mmoja na miti ya mkungu ya jioni upande mwengine. Pale matawi yanapokutana juu, wanaruka. Pale miti iliposafishwa ili waya na magari vipite, wanashuka chini na kutembea kwa miguu minne juu ya lami, ambako hawana ujanja wowote. Kima punju mtini ni bingwa. Barabarani ni kama mtoto anayevuka kwenda skuli.

Kabla ya kuwekwa matuta, ilikadiriwa kwamba kima mmoja aligongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta manne. Baada ya hapo taarifa za vifo zikapungua mpaka mmoja kila wiki sita. Namba hizi zilichapishwa na watafiti wa kima punju katika jarida la uhifadhi la Oryx, na mimi nimezikariri kama mtu anavyokariri tarehe ya kuzaliwa mwanawe. Ukizipigia hesabu ya mwaka, ni kutoka kima 17 hadi 26 kushuka mpaka wanane au tisa. Kwa matuta manne tu! Haikuhitajika sheria mpya wala mtambo. Ni vilima vinne vilivyolazwa njiani, ambavyo ukivipita kwa pupa kichwa chako kinagonga bodi ya gari.

Nimekaa sana kando ya matuta yale, na nimeelewa kwa nini yanafanya kazi kuliko vibao. Kibao kinamwomba dereva. Dereva wa saa kumi na moja alfajiri, mwenye abiria wa kuwahisha feri, ana mambo mengi ya kuombwa. Tuta halimwombi, linaishika gari. Gari inayokwenda kilomita 80 kwa saa inakula mita 22 katika sekunde moja, na sekunde moja ndiyo inayopita kabla mguu haujafika kwenye breki. Ikienda 30, katika sekunde ile ile inakula mita nane tu. Tofauti ya mita 22 na mita nane ndiyo nafasi ya kima aliyesita ukingoni kubadilisha nia yake.

Ndiyo sababu hata baada ya matuta bado wanakufa. Dereva akishavuka tuta la mwisho hujiona ameachiwa. Yule wangu wa nne aliondoka hapo hapo, mita chache baada ya tuta, gari ikipandisha mwendo. Siwalaumu madereva kwa ukali ambao zamani nilikuwa nao. Kuna anayebeba mama mwenye uchungu, kuna anayebeba samaki wasioweza kungoja. Wapo wanaolalamika kwamba matuta yanavunja springi, na wanasema kweli. Lakini nawaomba, na nitaendelea kuwaomba, kwamba kilomita zile chache baada ya tuta la mwisho wazihesabu kuwa bado ni Jozani.

Zamani msitu huu ulikuwa na chui. Chui wa Unguja siku hizi anaaminika ametoweka, ingawa wapo wazee wanaoapa kwamba bado wanamsikia. Alikuwa akila kima, bila shaka. Lakini chui huvizia aliye mgonjwa, aliye mzee, mtoto aliyebaki nyuma. Gari haivizii. Inamchukua dume lenye nguvu linalotangulia kuvuka, inamchukua jike mwenye mimba, inamchukua yeyote aliyefika pale wakati ule. Tumemwondoa mwindaji aliyejua kuchagua, tukaweka wa chuma asiyejua.

Sasa nirudi kwenye kuhesabu, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mtu akisoma "kila wiki mbili au tatu" anaipita kama namba nyengine yoyote. Mimi hujiuliza: nani aliyekuwa akijua? Lazima kulikuwa na mtu aliyeinama akatazama. Askari wa msitu, mkulima aliyekuwa anakwenda shamba, mtoto aliyekimbia kwenda kumwambia babu yake kwamba kima amelala njiani. Lazima kulikuwa na karatasi. Bila karatasi ile wahandisi wa barabara wasingekuwa na la kujibu walipoulizwa matuta ni ya nini. Tena hesabu ya barabarani daima ni pungufu, kwa sababu mbwa na kunguru huamka mapema kuliko watu, na kima aliyeumia hujikokota akafia ndani ya kichaka asionekane tena.

Nilikutana na karatasi ya namna hiyo kijiji cha Pete. Nilikuwa nimekwenda kumzuru jamaa yangu, na nikiwa uwani nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisikia tu. Kima punju alishuka kutoka kwenye mwembe, akatembea mpaka pale palipokuwa na mafiga ya jana, akapekua majivu na kuchukua kipande cha mkaa. Kisha akapanda tawi la chini na kukaa, miguu imening'inia. Kima hawa hawana kidole gumba cha maana, kwa hiyo alikibana kipande kile baina ya vidole vinne na kiganja, akakitafuna taratibu kama mtu anayetafuna muwa. Niliisikia sauti ya meno yake. Midomo ilikuwa nyeusi, na vumbi la mkaa lilikuwa likimwagika juu ya kifua chake cheupe.

"Mwache ale," mama mwenye nyumba aliniambia. "Tumbo linamsumbua."

Alikuwa amesema sawasawa na walivyosema wanasayansi. Majani ya mkungu na mwembe yana kemikali zinazosumbua tumbo la kima, na mkaa huzinyonya, kama mkaa unavyotolewa hospitali kwa mtu aliyekula sumu. Kima wa karibu na vijiji wamejifunza kwenda kwenye matanuri ya mkaa na majikoni, na watoto wao hujifunza kwa kuwaangalia mama zao. Yule mama hakuwa amesoma utafiti wowote. Alikuwa anamjua jirani yake.

Si kila jirani aliyekuwa mpole hivyo, na si haki kuwasimulia watu wa Pete, Kitogani, Muungoni au Ukongoroni kama malaika wa msitu. Kima walikula mazao yao. Kilichowauma zaidi ni nazi: kima hula vidaka, zile nazi changa kabisa, na mkulima akiona vidaka vimetapakaa chini ya mnazi wake huona mtaji wake umetapakaa. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walilichunguza jambo hili wakalichapisha 1999. Walihesabu vidaka vinavyoliwa, wakahesabu nazi zinazoangushwa, wakakuta kwamba kuliwa kwa vidaka hakukupunguza mavuno. Mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi usivyoweza kuvilea, na inaelekea kima walikuwa wakila sehemu ya vile ambavyo vingeanguka tu. Ni utafiti mzuri. Lakini hakuna mkulima anayelishwa na jarida. Kilichobadilisha mambo ni pale sehemu ya fedha za viingilio vya watalii ilipoanza kurudi vijijini, na wanavijiji wenyewe walipojiunga katika jumuiya yao ya JECA kusimamia msitu na manufaa yake. Kima aliye hai akawa na maana ndani ya nyumba. Na mtu ambaye kima ana maana kwake ndiye atakayesimamisha baiskeli akimkuta amekufa njiani. Asiyemtaka atapita.

Mzee mwenye karatasi ile, daftari la kuandikia kima waliogongwa, alikuwa mjomba wa yule mama. Aliingia uwani akiburuza baiskeli, ndala zimejaa umande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeshamwona mla mkaa?"

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Kila siku baada ya sala ya alfajiri huendesha baiskeli kutoka ukingo mmoja wa msitu mpaka mwengine, kwa sababu mapema hivyo kunguru hawajaanza kazi. Daftari lake ni la skuli, la mistari, jalada limefungwa kwa mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemwajiri. Alianza baada ya kumkuta dume moja alilokuwa akilijua kwa kovu la sikioni, na hakuweza kuvumilia kwamba atakuwa peke yake anayejua kwamba halipo tena. Akikuta kima aliyekufa humvuta kando, ili wenzake wanaorudi kumtazama nao wasigongwe. Nimeshawaona wakirudi. Kundi lililopoteza mwenzao huning'inia juu ya pale pahala, wakishuka na kupanda, wakiita.

Akanifungulia kurasa. Tarehe. Saa. Dume au jike. Mkubwa au mdogo. Na pahala, ambapo hakuandika kilomita wala namba ya nguzo, ameandika miti. "Mbele ya mkungu mkubwa." "Baina ya mkungu na mwembe uliokatwa." "Mkungu." Nilipozifunua kurasa nikaona lile neno mkungu likijirudia. Sikuhitaji kuelezwa. Mkungu ule unazaa upande wa pili wa njia, na tawi lililokuwa likifika upande huu lilishakatwa. Kima walikuwa wakishuka pale pale walipokuwa wakiruka mwanzo, kwa ukaidi wa kiumbe anayeijua njia ya wazee wake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba daftari halilii tu maiti. Linaonyesha pahala pa kuweka mkono.

Watu wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, walilielewa hilo mapema. Wao wana mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe yanayoteremka mabegani kama mtandio, ambaye mtoto wake huzaliwa mweupe pepe mwili mzima. Nchini Kenya mbega wa aina hii amebaki kwenye vipande vya msitu vya Kwale, vikiwemo vya kaya, yaani misitu mitakatifu, kama Kaya Kinondo, ambavyo wazee wa Kimijikenda wamevilinda kwa miiko kwa vizazi. Barabara ya ufukweni Diani imepita katikati ya makazi yake, na mbega waligongwa mpaka wakaazi wakasema basi. Shirika linaloitwa leo Colobus Conservation lilianza 1997, wakati huo likijulikana kwa jina la Wakuluzu, na jambo lililolianzisha ni vifo vile vya barabarani.

Nilikwenda kuyaona madaraja yao. Nilikuwa Mombasa kwa shughuli za kifamilia, nikapanda feri ya Likoni, nikateremka Diani asubuhi. Daraja lenyewe ni ngazi iliyolazwa hewani, imefungwa juu upande huu na juu upande ule, magari yanapita chini yake bila habari. Nilisimama kwa saa nzima na shingo ikaniuma. Wa kwanza kupita hakuwa mbega, alikuwa kima wa kawaida, na alipita kama mtu anayekwenda dukani. Kisha wakaja mbega. Wao hawatembei kwa utulivu, wanaruka vipande viwili vitatu mpaka ngazi nzima inacheza. Mama wa mwisho alikuwa na kitoto cheupe kifuani. Alisimama katikati, juu kabisa ya barabara, akatazama chini. Lori lilipita. Akaendelea.

Dada mmoja anayefanya kazi hiyo aliniambia kitu nilichokiandika hapo hapo mkononi kwa kukosa karatasi: "Pahali pa daraja hatuchagui sisi. Wao ndio wanachagua, sisi twafuata." Maana yake wanaangalia kundi linavukia wapi, wanaangalia wamegongwa wapi, ndipo wanapofunga. Mkungu wa mzee wa Pete ulikuwa akilini mwangu muda wote. Akaniambia pia habari ambazo watu hawapendi kuzisikia kwa sababu hazina raha: kamba inachakaa, jua na chumvi ya bahari vinaila, lazima mtu apande akague, na matawi yanayogusa waya za umeme lazima yapunguzwe, maana umeme nao unawaua. Na simu inalia usiku. Mkaazi ameona mnyama aliyegongwa, anataka mtu aje. Kwamba mkaazi anajua pa kupiga simu, na kwamba anapiga, nadhani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Ngazi bila mtu wa kupiga simu ingekatika siku moja, na hakuna ambaye angegundua.

Tuta na ngazi ni dawa mbili tofauti. Tuta humshughulikia dereva. Ngazi humtoa mnyama njiani kabisa. Kwingine imebidi kuchimba chini. Katika barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kulijengwa njia ya chini ili tembo wapite baina ya msitu wa mlimani na nyanda za Lewa na Ngare Ndare. Watu wengi walishuku kama tembo atakubali kuingia kwenye shimo chini ya magari. Tarehe 1 Januari 2011 dume linaloitwa Tony lilipita, na wengine wakafuata. Mnyama akipewa njia huijifunza, na huwafunza wenziwe.

Kuna pia njia ya faini. Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa anaijua Mikumi, kama kilomita 50 za barabara kuu ndani ya hifadhi, na lile bango lenye orodha ya wanyama na gharama ya kumgonga kila mmoja. Faini ina kazi yake, sipingi. Lakini inakuja baada ya mnyama kufa, tena inamfuata yule tu aliyeonekana. Nikiwa na fedha za jambo moja, nitajenga tuta na kumnunulia mtu daftari.

Watu huniuliza wafanye nini, khasa wanaopita Jozani mara moja kwa mwaka wakienda ufukweni. Punguza mwendo kabla ya tuta la kwanza na usiurudishe mpaka umeuacha msitu nyuma kabisa. Ukiona kima mmoja amevuka, ngoja, kwa sababu hawatembei peke yao, na anayesita mara nyingi ndiye mdogo. Usimtupie kima ndizi kwa dirisha la gari. Najua ni kwa mapenzi, lakini unamfundisha kwamba barabarani kuna chakula, na somo hilo atalilipa kwa dereva mwengine. Wanaokodi vespa wapunguze pia, maana vespa inaua vilevile. Na ukimgonga, au ukimkuta amegongwa, simama pahala salama. Mwambie askari wa hifadhi, au mtu wa kijiji, au sheha. Taja pahala kwa usahihi, hata kama ni kwa mti. Utaona aibu. Mimi niliona aibu miaka mingi, na aibu yangu haikumsaidia kima hata mmoja.

Tangu siku ile ya Pete natembea na daftari dogo kwenye mkoba. Kwa muda mrefu lilikuwa jeupe, na nilimshukuru Mungu kwa weupe wake.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi kutoka kusini, gari ya jamaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilimwona kutoka mbali, kitu chekundu ukingoni. Jamaa yangu alisimamisha gari bila kuambiwa. Alikuwa bado na joto. Mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa chini ya kidevu, vidole vinne, kucha nyeusi nadhifu kama za mtu. Nilimshika kwapani nikamvuta mpaka kwenye majani, na alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Ndipo nilipoona chuchu zake. Ndefu, laini, na moja ilikuwa na tone la maziwa.

Tulisimama tukisikiliza. Juu kulikuwa na kundi, matawi yakicheza, lakini hatukuona mtoto, wala hatukumsikia. Magari mawili yalipita. Nikampigia simu mzee wa Pete. Aliuliza maswali yake yale yale kwa mpangilio ule ule, nami nikamjibu. Nilipomwambia kuhusu maziwa alinyamaza kidogo.

"Ulimtafuta mtoto?"

"Tumemtafuta mzee. Hatujamwona."

"Basi liandike na hilo, mwanangu. Nami nakuja na baiskeli, nitasubiri chini ya mti mpaka kundi litulie. Pengine yuko mgongoni kwa mwengine."

Nikaandika. Tarehe, saa. Jike, mzima, ananyonyesha. Baada ya tuta la mwisho, kama hatua arubaini, upande wa msitu, mbele ya mkungu. Mtoto hajaonekana.